Mtoto wa jicho: jicho la kwanza limepona, la pili linaachwa njiani

Kambi ya macho ikifika wilayani, taarifa inayosomwa baadaye huwa ya hesabu: waliopimwa ni wangapi, waliofanyiwa upasuaji ni wangapi. Hesabu hiyo ni habari njema, lakini haijibu swali la familia kule nyumbani. Je, mzee anaona? Na anaona kwa jicho moja au yote mawili?

Swali hilo sasa linaulizwa hata kimataifa. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ziliweka lengo la huduma ya mtoto wa jicho la kufikiwa ifikapo 2030. Kipimo chake kinamhesabu mtu aliyehitaji upasuaji, akaupata, na akatoka akiona vizuri. Aliyepasuliwa akabaki gizani hahesabiwi kuwa mafanikio.

Lenzi inafanya kazi gani

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi inayopitisha mwanga. Ikipata ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Uzee ndio sababu kubwa, ingawa kisukari na majeraha huchangia. Hakuna dawa ya matone wala ya majani inayoondoa ukungu huo, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni zinaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho. Tiba ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Kwa kawaida mtu mzima huchomwa ganzi ya jicho tu, bila kulazwa usingizi.

Daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya bandia ya kwanza mjini London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya dirisha la ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa ghali, hivyo wagonjwa wengi wa Afrika walitolewa lenzi yao wakapewa miwani mizito. Miwani ikivunjika, mtu amerudi gizani. Bei ilishuka miaka ya 1990, viwanda vilipoanza kuzitengeneza India, Nepal na hata Asmara, Eritrea. Kwa hiyo leo kikwazo kikubwa si bei ya lenzi yenyewe.

Kwa nini macho mawili

Jicho moja lililopona linamtosha mtu kutambua sura na kutembea uani. Lakini ubongo hupima umbali vizuri kwa kutumia macho yote mawili. Kumimina chai kikombeni, kushuka kwenye basi, kuvuka mtaro, kupalilia bila kukata mche: kazi hizi ni ngumu kwa anayeona upande mmoja. Kwa mzee, kukosea hatua moja kunaweza kuwa nyonga iliyovunjika.

Jambo la pili ni namba. Lenzi ya bandia ina namba kama miwani. Inavyotakiwa, kila jicho hupimwa urefu wake na mpindo wa kioo chake cha mbele, ndipo lenzi ichaguliwe. Pasipo mashine ya vipimo, huwekwa namba ya wastani, na wengine huhitaji miwani baadaye. Namba za macho mawili zikipishana sana, picha haziungani vizuri na kichwa kinauma.

Kwa kawaida macho hayapasuliwi siku moja. Yakiingia maambukizi, yasiharibu yote mawili kwa mpigo. Baadhi ya nchi huyapasua kwa siku moja, kila jicho na vifaa vyake. Mahali pengi, hata hivyo, la pili husubiri kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa kijijini, kusubiri huko ndiko kunakoharibu mambo.

Njia ile ile ya misafara

Tabora tunajua maana ya safari ndefu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Mwingereza John Speke alifika Tabora mwaka 1857, na alipofika Ujiji Februari 1858 alikuwa mgonjwa wa macho kiasi kwamba hakuweza kuliona vizuri Ziwa Tanganyika. Yeye alikuwa na wapagazi. Babu wa Sikonge au Kaliua ana kijana mmoja wa kumshika mkono.

Safari yake ni nauli ya watu wawili, chakula, na siku ambazo shamba la tumbaku halisubiri. Kisha kuna kurudi kukaguliwa, halafu safari ya jicho la pili. Madaktari bingwa wa macho wengi wako miji mikubwa kama Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, lakini bima ni ya matibabu. Nauli inabaki juu ya familia. Ndipo linatoka neno: "Si anaona sasa? Inatosha."

Neno hilo huwaangukia zaidi kina bibi. Utafiti wa nchi zinazoendelea, ukiwamo wa wataalamu wa Moshi, unaonyesha kuwa wanawake hupata upasuaji huu kidogo kuliko wanaume, wakati wao ndio wengi zaidi kati ya wasioona. Pesa ya safari mara nyingi haiko mikononi mwao, na bibi mwenyewe atasema yeye ameshazeeka, pesa imsomeshe mjukuu.

Matokeo mabaya yanatoka wapi

WHO iliweka kiwango: kati ya macho 100 yaliyopasuliwa, 80 au zaidi yafikie 6/18 kwa miwani aliyonayo mgonjwa. Maana yake ni kuona ukiwa mita 6 kile ambacho jicho zima linaona kutoka mita 18. Yanayobaki chini ya 6/60 yasizidi 5.

Yasipofika hapo, sababu huwa moja kati ya hizi nne. Jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine, kama presha ya macho au madhara ya kisukari. Upasuaji ulipata tatizo. Mgonjwa hakupewa miwani aliyohitaji. Au miezi na miaka baadaye utando uliota nyuma ya lenzi. Mbili za mwisho zinatibika: miwani kwa moja, mwanga wa leza kwa nyingine. Lakini asiyerudi kupimwa atajulikana kijijini kama mtu aliyeharibiwa jicho, na jirani zake wataogopa kwenda.

Uliza kabla ya kuondoka hospitali

Msindikizaji, uliza haya na uandikiwe kwenye kadi:

- Jicho limepimwa kabla ya kuchaguliwa lenzi? Namba yake ni ngapi?
- Tarehe ya kurudi kukaguliwa na kupimwa miwani ni lini?
- Jicho la pili litapasuliwa lini, na wapi?

Lenzi ya bandia haijirekebishi kama ya asili, hivyo wengi watahitaji miwani ya kusomea. Hilo si kosa la daktari. Ila maumivu makali, wekundu unaozidi, usaha au kuona kunakopungua ni dharura: rudi siku hiyo hiyo.

Viongozi wa halmashauri nao wana lao. Kambi ijayo itangazwe pamoja na tarehe ya kurudi ya jicho la pili, na taarifa yake iseme ni wangapi walipimwa tena na wakaonekana wanaona. Orodha ya majina tayari ipo. Kinachotakiwa ni mhudumu wa afya wa kijiji apewe, apite nyumba kwa nyumba na kuuliza: bibi, jicho la pili je?