Nyonga na Goti Vinapouma Usiku

Mama mpendwa, kuna maumivu yanayosubiri usiku. Mchana kutwa umepalilia, umechota maji, umesimama sokoni, wala hukulalamika. Ukishawalaza watoto na kujinyoosha, ndipo nyonga inaanza kuuma au goti linapwita hadi usingizi unaruka. Huku kwetu Shinyanga na machimboni Geita tunaulizwa sana juu ya jambo hili, na mara nyingi jibu la majirani limeshatangulia: ni baridi, au ni uzee.

Kwa mama aliyevuka miaka 40 mara nyingi ni kulika kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Uzito wa mwili huchangia, na kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo pia. Wenzetu wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo wanalijua hilo. Mwingine huumwa pembeni mwa nyonga pale tu anapoilalia. Huyo alale upande wa pili na kuweka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Lakini mto chini ya goti kila usiku hatuushauri, maana goti huzoea kukunjika.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: nyonga ikiugua, maumivu yanaweza kusikika gotini. Mtoto akishika goti huku akichechemea, mganga aangalie na nyonga.

Sasa tuseme yale ambayo eneo letu halipaswi kuyasahau. Vumbi la mawe machimboni huharibu mapafu na kumfanya mchimbaji apatwe na kifua kikuu kwa urahisi. Akirudi nyumbani na kikohozi, mke na watoto wanaolala naye chumba kimoja wanaweza kuambukizwa. Na ugonjwa huo haukai kifuani tu. Husafiri kwa damu hadi kwenye uti wa mgongo, nyonga au goti. Kwa kawaida kiungo kimoja huuma kwa wiki nyingi, huvimba polepole, paja linakonda, usiku jasho linalowesha shuka, na mwili unapungua. Wengine hawakohoi kabisa! Dawa zake hutolewa bure, ila dozi ni ya miezi mingi na haikatishwi.

La pili ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa imeguswa sana. Mtoto anaamka usiku akilia miguu, macho yana umanjano, kila mara anaishiwa damu. Hajarogwa, mama, na chale hazitamsaidia. Mpe maji ya kutosha, mfunike apate joto, mpeleke hospitali, na uombe kipimo cha damu. Asipotunzwa, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa, naye akachechemea maisha yake yote. Ni tofauti na yule anayelalamika miguu yote miwili jioni, asubuhi akaamka anaruka kamba. Huyo mkande tu.

Visima vingine vya mkoa wa Shinyanga vina madini mengi ya floraidi. Ukiyanywa maji hayo miaka mingi, meno hubadilika rangi na mifupa hukakamaa. Mwenye bomba la maji ya Ziwa Victoria, yaliyofika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, anywe hayo.

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, au mtoto akikataa kukanyaga, usingoje kuche vizuri: ni safari ya siku hiyo hiyo.

Diklofenaki ya dukani inayomezwa kila usiku huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na mjamzito asiiguse bila ushauri. Ukienda zahanati, beba vidonge vyote ulivyokuwa unameza, hata vile vya kwenye karatasi visivyo na jina, mganga avione.