PAYE 8%: nani kafaidika kweli?

Wadau, kila Mei Mosi ikitangazwa kodi ya mshahara imeshushwa watu wanapiga makofi. Ebu tupige hesabu kidogo, kikokotoo cha simu kinatosha.

Kiwango cha chini cha PAYE kilikuwa 11%. Mwaka 2016 Magufuli akakishusha mpaka 9%, halafu Mei Mosi 2021 pale Mwanza mama Samia akatangaza 8%, ikaanza Julai. Punguzo likishatolewa linaendelea tu, maana nani atathubutu kulirudisha juu?

Sasa angalia hiyo asilimia moja. Mtumishi wa serikali wa kima cha chini alikuwa anapata sh. 300,000. Toa 5% ya PSSSF, inabaki 285,000. Kodi inakata kile kinachozidi 270,000, yaani 15,000. Asilimia 1 ya hapo ni sh. 150 kwa mwezi! Bosi wa milioni tano kapata 2,500. Na mkata mkonge wa Muheza? Kima cha chini cha mashambani wakati ule kilikuwa sh. 100,000. PAYE haimgusi, kwa hiyo hakupata hata senti.

Marekani walipoendeleza punguzo lao la 2017, Julai 2025, ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria sheria ile itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Wao wanakopa kwa dola yao wenyewe. Sisi hela inatafutwa kwingine. Julai ile ile ya 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, mpaka sh. 10,000 kwa muamala mmoja, na sh. 100 zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kodi ya jengo nayo ikahamia kwenye LUKU, sh. 1,000 kwa mwezi, mpangaji wa Ngamiani analipia nyumba isiyo yake! Walisema ni za barabara, madarasa na vituo vya afya, sawa. Ila huyo mkata mkonge ambaye punguzo lilimruka, tozo haikumruka akimtumia mama yake hela Lushoto. Ya kutuma ilifutwa 2023 baada ya kelele nyingi, na mwaka huo huo mafuta yakaongezwa sh. 100 nyingine.

Kuna kitu wengi hatukiangalii: ule mstari wa 270,000. Uliwekwa 2020 ukaachwa hapo hapo wakati bei zinapanda. Julai 2022 kima cha chini cha serikali kikawa 370,000, PAYE yake sh. 6,520. Julai 2025 kikawa 500,000, PAYE sh. 16,400. Mshahara umepanda 35%, kodi imepanda mara mbili na nusu, na hakuna waziri aliyesimama bungeni kusema anaongeza kodi ya mshahara. Ile sh. 150 imesharudi hazina zamani.

Mimi kwa mtazamo wangu, badala ya kuishusha tena hiyo 8, mstari ndio usogezwe kila mwaka kufuata bei. Serikali itakosa mapato kidogo kweli, ila anayepona ni mtu wa chini. Wenye salari slipu, wekeni makato yenu ya 2021 na ya sasa hapa tulinganishe.