Uingereza yataka kufua tena mitutu ya mizinga iliyoiacha

Na Mwandishi Wetu

MAKUBALIANO ya ulinzi yaliyotiwa saini mjini London Oktoba 23, 2024 na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, John Healey, pamoja na mwenzake wa Ujerumani, Boris Pistorius, yaligusa mambo mengi, kuanzia doria za ndege hadi silaha za masafa marefu. Kipengele kimoja kilipita bila kelele nyingi. Kampuni ya Kijerumani ya Rheinmetall itajenga nchini Uingereza kiwanda cha mitutu ya mizinga, kitakachotumia chuma cha pua cha Sheffield na kutoa ajira zaidi ya 400.

Serikali ya London yenyewe ilieleza kuwa itakuwa mara ya kwanza katika miaka 10 kwa mitutu ya aina hiyo kutengenezwa nchini humo. Kwa taifa ambalo mizinga yake iliwahi kunguruma karibu kila bara, maelezo hayo si madogo. Hayo pia yanazua swali ambalo wanasiasa hawapendi kulijibu kwa kirefu: ujuzi ulioachwa ufe kwa sababu ya hesabu za biashara, unaweza kununuliwa upya kwa fedha?

Safari ya kuupoteza ilianza mapema. Mwaka 1987 serikali ya Margaret Thatcher iliuza Royal Ordnance, shirika la umma lililomiliki viwanda vya silaha, kwa kampuni ya British Aerospace. Miaka michache baadaye Vita Baridi vikamalizika na zabuni zikapungua. Kiwanda cha mizinga cha Nottingham kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kazi iliyobaki nayo ikafifia. Si haki kuwacheka waliofanya uamuzi huo. Kiwanda kisicho na mteja hufungwa, na wakati ule hakuna aliyetarajia kuona mizinga ikifyatuliwa mchana na usiku barani Ulaya.

Asiyejua kazi hii anaweza kudhani mtutu ni bomba la chuma tu. Mtutu wa mzinga wa milimita 155 wa kisasa una urefu wa mita nane. Baruti inapolipuka ndani yake, shinikizo hupanda hadi zaidi ya mara 3,000 ya lile la hewa tunayovuta. Kwa hiyo chuma chake, chenye mchanganyiko wa nikeli, kromiamu na molibdenamu, huyeyushwa upya ili kuondoa uchafu, kikafuliwa kwa mashine maalumu, kikatobolewa katikati bila kupinda na kukerezwa. Kisha hutanuliwa kwa ndani kwa nguvu kubwa, ili tabaka la ndani libaki limebanwa na liweze kuhimili mlipuko. Mwisho huchongwa mifereji inayolizungusha kombora.

Mtutu wa mota ni mwembamba na aghalabu hauna mifereji hiyo, lakini kosa lake huua vilevile.

Na baada ya kazi yote hiyo, mtutu huchakaa. Ule wa milimita 155 huhesabiwa kuishi kwa makombora yapatayo 2,000 hadi 3,000, na hupungua zaidi baruti ya nguvu nyingi ikitumika. Mzinga unaofyatua makombora 100 kwa siku unaweza kumaliza mtutu wake ndani ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo vita vya Ukraine, vilivyoanza kwa uvamizi kamili wa Russia Februari 2022, vilipoziumbua nchi nyingi. Januari 2023 Uingereza ilitangaza kuipa Ukraine mizinga yake 30 ya AS90. Miezi miwili baadaye ikalazimika kununua Sweden mizinga 14 ya Archer ili kuziba pengo. Jeshi lililotoa mizinga halikuwa na kiwanda cha nyumbani cha kuijaza nafasi yake.

Ukraine yenyewe ina somo chungu zaidi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, viwanda vikubwa vya mitutu vilibaki upande wa Russia, katika miji kama Perm, Volgograd na Yekaterinburg. Ukraine ilirithi mizinga mingi bila mahali pa kupata mitutu mipya. Vita vya mashariki vilipoanza mwaka 2014, ikaharakisha kutengeneza mota yake ya milimita 120, iliyopewa jina la Molot, yaani nyundo. Julai 6, 2018 mota moja ililipuka katika uwanja wa mazoezi wa Rivne na kuua askari watatu. Wapo waliolaumu ubora wa silaha, na wapo waliosema askari waliingiza kombora la pili kabla la kwanza halijatoka.

Upande wa mizinga mikubwa mambo yaliwaendea vizuri zaidi. Kiwanda cha Kramatorsk, kilichozoea kutengeneza mashine nzito za kukereza vyuma, kilibuni mzinga wa Bohdana. Ulipitishwa kwenye gwaride la Kyiv Agosti 2018, na hadi uvamizi ulipotokea ulikuwapo mmoja tu. Aprili 2024, Rais Volodymyr Zelensky alisema mizinga 10 ilitengenezwa mwezi huo. Mwaka huohuo Denmark ikalipia mingine 18. Kilichowaokoa ni mafundi waliokuwapo, waliojua kukereza vyuma vikubwa hata kabla ya kuanza kutengeneza silaha.

Wasomaji wa historia yetu watakumbuka meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumika nchi kavu, na karakana ya Dar es Salaam ilishiriki kuiundia magurudumu. Mitutu ilikuwa habari nyingine. Uliopasuka haukuwa na mbadala.

Marekani ilichagua njia tofauti. Kiwanda cha serikali cha Watervliet, jimboni New York, kimefanya kazi tangu mwaka 1813 na kimeendelea kutengeneza mitutu ya mizinga, vifaru na mota hata katika miaka ya amani. Mlipa kodi wa Marekani amekuwa akilipia mafundi ambao kuna miaka hawakuwa na kazi ya kutosha. Uingereza iliona gharama hiyo haina maana, na sasa inalipa nyingine.

Hata hivyo, London haianzi na mikono mitupu. Mwaka 2021 Wizara ya Ulinzi iliinunua Sheffield Forgemasters, yenye matanuri na mitambo ya kufulia vyuma vizito, kwa pauni milioni 2.56 hivi. Telford, ambako Rheinmetall ilitangaza kuweka kiwanda, ndiko pia vifaru 148 vya Challenger 3 vilikopangwa kukamilishwa, na vifaru hivyo hutumia mzinga wa Kijerumani wa milimita 120.

Lakini vifaru 148, hata kila kimoja kikipewa mtutu wa akiba, ni chini ya mitutu 300. Hiyo ni kazi ya miaka michache kwa kiwanda cha ukubwa huo. Mizinga ya RCH 155, ambayo Uingereza iliamua Aprili 2024 kuitafuta pamoja na Ujerumani, ingeongeza idadi, na zabuni za nchi nyingine za Ulaya zingeongeza zaidi. Makubaliano ya London yalitaja ajira na chuma. Idadi ya mitutu ambayo jeshi la Uingereza litanunua kila mwaka, vita vikiwapo au visiwepo, haikutajwa.