Nani Atamlaza Mama?



Juma lililopita tuliketi na baadhi ya akina mama wa WAWATA mbele ya kompyuta ya parokia, tukatazama filamu ya Kimarekani iitwayo Tully, iliyotolewa mwaka 2018 na kuongozwa na Jason Reitman. Si filamu ya watoto, wala si kila neno lisemwalo humo linafaa masikioni mwa Mkristo. Hata hivyo, ilipokwisha hakuna aliyeinuka upesi. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe hata kwao, Padre." Neno hilo tumelibeba juma zima, na leo tunapenda kulitafakari pamoja nanyi.

Filamu hiyo inamwonesha Marlo, aliyeigizwa na Charlize Theron, mama aliyejifungua mtoto wa tatu. Usiku unafuata usiku: mtoto analia, nepi inabadilishwa, maziwa yanakamuliwa, mtoto analia tena. Mumewe si mtu mbaya. Hampigi wala hamtukani. Anacheza michezo yake ya video kitandani, kisha analala. Ndipo kaka yake Marlo anapojitolea kumlipia yaya wa usiku, na anakuja msichana mchangamfu, Tully, anayempokea mtoto na kumwambia mama alale. Nyumba inang'aa, mama anaanza kucheka. Mwishoni, baada ya Marlo kupata ajali ya gari na kutumbukia majini, tunagundua kwamba yaya huyo hakuwapo kamwe. Mama aliyechoka kupita kiasi alijiundia msaidizi kichwani mwake, na kazi zote za usiku alizifanya mwenyewe.

Tunajua wapo watakaosema kuwa hayo ni matatizo ya wenye nafasi, kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi na kesho yake wakashika jembe. Tuwaulize hao kwa upole: je, bibi zetu walikuwa peke yao? Hapa Pemba majirani zetu wangali wanashika arubaini. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto huogeshwa na mikono iliyokwisha kuogesha wengi. Kwetu Bara nako kila kabila lilikuwa na desturi yake ya kumtunza mzazi. Yaya ambaye Marlo alimuota, wazee wetu walimweka nyumbani mchana na usiku, wakamwita mama, shangazi au mkunga. Bibi zetu walikuwa hodari, naam, lakini uhodari wao ulishikiliwa na mikono ya watu wengi.

Sasa tujitazame sisi, Wakristo wachache wa Mkoani. Wengi wetu tulishuka hapa bandarini na mizigo yetu, tukiwa walimu, askari, wauguzi au wafanyabiashara. Mama mzazi wa binti yuko Songea, Mbeya au Kigoma. Kumfikia binti yake ni safari ya mabasi na boti, na nauli yake ni nzito. Hivyo binti anajifungua, anarudi kwenye chumba cha kupanga, na mumewe anarudi kazini. Arubaini yake ni kuta nne.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Wakati fulani mama mmoja kijana, mgeni wa kisiwa hiki, alikuja Misani na kichanga chake, akakaa benchi la mwisho. Baada ya Misa tulimpongeza, tukambariki mtoto, tukamwuliza, "Mama, ubatizo lini?" Alitutazama kama mtu asiyesikia, machozi yakamtoka. Tulidhani ni furaha. Siku kadhaa baadaye tulipomtembelea tulimkuta amelala usingizi mzito, na mtoto yuko mapajani mwa jirani yake, bibi Mwislamu wa makamo. Bibi yule alituwekea kidole mdomoni. "Mwacheni alale, Padre. Nilimsikia usiku analia yeye kuliko mtoto, nikaja kumwambia, mwanangu, nipe huyu, wewe lala." Sisi tuliuliza tarehe ya sakramenti, yeye alisikia kilio kupitia ukutani. Kati yetu na yule bibi, nani alikuwa jirani yake? Swali hilo tumelisoma mara nyingi katika Injili ya Msamaria. Siku ile lilitusoma sisi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupatwa na matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Si mapepo, si uvivu, wala si upungufu wa imani. Nabii Eliya alipochoka hata akajiombea kifo chini ya mretemu, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Naye Bikira Maria, alipopata habari za Elizabeti, alikwenda kwa miguu yake, akakaa kwake yapata miezi mitatu.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijue nani amejifungua, ipange zamu ya kumpikia, kumfulia na kumshikia mtoto saa mbili kila siku, angalau kwa siku arobaini. Tukienda kumwona mzazi, tusiende kukaa na kuandaliwa chai. Twende kuosha vyombo. Swali letu la kwanza liwe, "Umelala?" Na huzuni ikipita majuma mawili, au mama akitamka neno la kujidhuru au kumdhuru mtoto, asicheleweshwe hata siku moja. Apelekwe Hospitali ya Abdalla Mzee hapa Mkoani, nasi tutasali tukiwa njiani.

Akina baba wa UWAKA, tunasema nanyi kwa upendo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku zisizopungua 3. Mwajiri anaweza kuzihesabu siku zake. Kiapo mlichokula altareni hakikuwa cha siku 3. Mume wa Marlo hakutenda ubaya wowote ambao mtu angeuungama. Alilala tu. Hilo ndilo lililotutisha katika filamu ile kuliko ajali yenyewe.

Usiku wa leo, katika mji wetu huu mdogo, taa fulani itawaka saa nane, na mama atakuwa ameketi chini yake. Tusimwache ajiundie msaidizi kichwani mwake, wakati Mungu amemzungushia watu wa kweli.

Tunawatakia Dominika njema. Mama Maria awaombee.