UCHAMBUZI: Maabara ya kisasa haitafaa kitu iwapo kielelezo kitaharibikia kituoni

WAHENGA walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika kesi za jinai, hata hivyo, ufupi wa njia hiyo hutegemea weledi wa anayeifuata.

Mnamo Juni 2022, rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alifungua maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa kisayansi katika makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), Barabara ya Kiambu, Nairobi. Humo wataalamu huchunguza DNA, alama za vidole, bunduki na risasi, hati za kughushi na data za simu. Mkemia wa Serikali naye angali anachunguza damu na sumu katika maabara zake, zikiwemo za Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Je, hayo yana maana gani kwa mkazi wa Siakago, Mbeere Kaskazini? Mji huo una mahakama, kituo cha polisi na hospitali. Hata hivyo, damu iliyolowa katika shati la marehemu haina budi kusafirishwa hadi Nairobi kabla ya kueleza ni ya nani. Hatima ya kesi basi huamuliwa na mikono ya kwanza inayoligusa shati hilo.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi jijini Lyon mwaka wa 1910. Alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake alama: unywele, uzi, vumbi au jasho. Mnamo 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alivumbua njia ya kumtambua mtu kwa DNA yake.

Alama hizo ni dhaifu mno. Nguo yenye damu mbichi ikitiwa katika mfuko wa plastiki, unyevu huiozesha na kuiharibu DNA. Yafaa ikaushwe, itiwe katika bahasha ya karatasi na kufungwa kwa lakiri. Kila anayeipokea sharti aandike jina, saa na tarehe, kisha atie sahihi. Pengo moja katika orodha hiyo humpa wakili wa mshtakiwa mwanya wa kudai kwamba kielelezo kilibadilishwa. Vivyo hivyo, mwathiriwa wa ubakaji anayeoga au kufua nguo kabla ya kufika hospitalini huenda akaosha ushahidi pasipo kujua.

Madhara ya uzembe hayaishii mahakamani. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, kaunti jirani ya Kirinyaga, baada ya kubugia pombe yenye sumu. Uchunguzi wa awali wa serikali ulieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichotoweka katika kituo cha polisi. Kilichohifadhiwa ili kiwe ushahidi kikageuka silaha.

Embu yenyewe haijasahau Mei 2014, pale pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na kupofusha wengine. Mnywaji hawezi kuitambua methanoli kwa macho wala kwa ulimi. Ni maabara inayoweza kuitenga na kuipima.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba pasipo maabara hapana haki. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi huiruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi ya dhuluma za kingono kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Sayansi ni shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi.

Lakini shahidi huyo akiitwa, aje akiwa mzima. Si lazima kila mji mdogo ujengewe maabara ya mabilioni. Linalohitajika ni stoo yenye kufuli imara, bahasha za karatasi, daftari linalokaguliwa, na mafunzo kwa polisi, wauguzi na machifu wanaofika kwanza penye tukio. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya mazishi ya Kangai.