Ulimi wa Ubwari Haujakosea

Kuna imani iliyoota mizizi kwetu, kuanzia Baraka hadi Fizi na rasi yote ya Ubwari, kwamba divai nyekundu ya Ufaransa yenye jina kubwa haiwezi kuhukumiwa na mtu wa hapa. Ndugu akirudi kutoka Ulaya au Marekani na chupa ya Bordeaux, ikafunguliwa harusini, wazee wakaonja wakakunja uso, jibu huwa tayari: hamjazoea, hii ni divai ya wakubwa. Wazee hunyamaza, na chupa hubaki na heshima yake. Naipinga imani hiyo. Wazee wameonja sawasawa, na kuwanyamazisha ni kuwakosea.

Tuanze na kile walichokionja. Divai za Médoc, zile zenye sifa kuliko zote huko Bordeaux, hutengenezwa zaidi kwa zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo punje zake ni ndogo na ngozi yake ni nene. Ngozi na mbegu hutoa tanini, na mapipa mapya ya mwaloni huongeza nyingine. Tanini hizo hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi, kinywa kikakauka. Ndio ule ukakasi uliowakunja wazee uso. Mwonjaji bingwa wa Bordeaux akiinywa divai hiyohiyo ingali changa, yeye pia huusikia. Hapo yeye na mzee wa Baraka hawatofautiani hata kidogo. Wanachotofautiana ni swali linalofuata: chini ya ukakasi huu kuna nini?

Swali hilo halihitaji kuzaliwa Ufaransa. Mwonjaji hutafuta kwanza ladha ya tunda, aone kama ipo ya kutosha kuubeba ukakasi. Hutafuta uchachu, kwa kuwa divai isiyo na uchachu hupooza upesi. Huangalia ukakasi wenyewe, kama ni laini na umeenea kinywani, au ni mkali wenye uchungu wa zabibu zilizochumwa kabla ya kuiva. Mwisho, baada ya kumeza, husubiri aone ladha itakaa muda gani. Divai changa yenye hayo manne kwa uwiano ina matumaini. Isiyo na tunda leo haitalipata kesho, kwa sababu miaka hulainisha kilichomo, haileti kisichokuwamo.

Na kazi ya namna hii watu wetu wanaijua. Utomvu wa mchikichi huanza kuchachuka mara unapodondoka kwenye chombo cha mgema. Asubuhi ni mtamu, jioni una nguvu, na baada ya siku mbili unaelekea kuwa siki. Mnywaji mzoefu huchukua funda moja akakuambia kama pombe ni ya leo au ya jana, na kama imeongezwa maji. Anausoma muda kwa ulimi. Mwonjaji wa Bordeaux naye anausoma muda, ila yeye anatazama mbele, kwenye miaka ambayo bado haijafika. Aliyejifunza kimoja hawezi kuambiwa kwamba kingine kimezidi akili yake.

Wanaotetea imani ile watasema kwamba divai hizi zimekwisha kupangwa kwa madaraja na wataalamu, basi sisi ni nani? Ni vizuri kujua madaraja hayo yalitoka wapi. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa divai wa Bordeaux waliandika orodha yao wakifuata zaidi bei ambazo kila shamba lilikuwa likipata sokoni. Orodha hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, na badiliko lake linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1973, Mouton-Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Kwa hiyo cheo kilichoandikwa kwenye chupa kinatueleza sana habari za soko la zamani, na machache mno kuhusu divai iliyomo ndani mwaka huu. Wahenga walishaonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Majaribio nayo yamekuja kuthibitisha. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa jijini Paris wakaonja bila kuona majina. Upande wa divai nyekundu, Stag's Leap ya mwaka 1973 kutoka California iliishinda Mouton-Rothschild ya 1970. Utetezi ukawa kwamba divai za Ufaransa zilikuwa changa mno, zingojewe. Zikangojewa miaka 30. Mwaka 2006 divai nyekundu zilezile zikaonjwa tena, na nafasi tano za kwanza zote zikaenda California. Mwaka 2001 mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux alichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu. Wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yao yaliwatangulia ndimi, kama jina la chupa linavyotutangulia sisi.

Nakubali jambo moja. Divai chache za Bordeaux kweli huhitaji miaka kumi au zaidi ili ukakasi wake utulie, na kuzihukumu mapema ni kazi ngumu hata kwa mabingwa. Lakini nyingi zinazouzwa duniani zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Tena kukomaa kunataka mahali pa giza na pa baridi, takriban nyuzi 13. Chupa iliyowekwa juu ya kabati ukingoni mwa ziwa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 25, haikomai, huungua polepole. Anayeitunza hapo kwa kusubiri thamani anaiharibu.

Basi ndugu msomaji, ukipata chupa ya namna hiyo, usiiweke kabatini kama pambo. Ipoze kidogo, kwa sababu joto huukuza ulevi na kuficha tunda. Funika karatasi ya jina kwa kitambaa. Iache ipate hewa saa moja au mbili, kisha wape wazee kwanza, waulize wanasikia nini, nawe uwasikilize mpaka mwisho. Wakisema ina ukakasi lakini tunda limejaa na ladha inakaa, hiyo ni divai njema ambayo bado ni changa. Wakisema ina ukakasi mtupu, ni divai mbaya, hata ikiwa bei yake ni ya kununulia ng'ombe.