Mungu Wako Anafanana na Nani?

Ndugu zangu waumini, leo naomba tusemane kidogo. Hebu niambieni, mtu asiyewahi kufungua Biblia wala Kurani atamjuaje huyo Mungu mnayemhubiri kila wiki kwa vipaza sauti? Atawaangalia ninyi. Basi.

Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Wauaji wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Maana yake ilijulikana. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 wa basi jingine waliuawa karibu na Mandera baada ya kutenganishwa hivyo hivyo.

Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria wakawaambia wauaji: ama mtuue wote, ama mtuache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016 akiwa hospitalini Nairobi.

Sasa tafakari. Pale barabarani pande zote mbili zilidai kumwabudu Mungu yule yule. Wenye bunduki walituonyesha Mungu anayekagua dini yako kabla hajakuruhusu kuishi. Salah na wenzake walituonyesha yule ambaye sura 113 kati ya 114 za Kurani zinaanza kwa kumwita Mwingi wa Rehema. Mimi ni Mkristo, na nasema bila kigugumizi: siku ile tabia ya Mungu ilionekana kwa Mwislamu. Msishangae. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, mtu mwema aliyemsimulia hakuwa kuhani wala Mlawi. Alikuwa Msamaria.

Sisi je? Kazi hii ya uandishi imenipeleka kwenye hafla nyingi za kugawa misaada. Magunia ya unga hayashuki garini mpaka kamera zifike. Yatima anaulizwa kwanza anasali wapi. Mjane akisharudi na kilo zake mbili, Jumapili anatafutwa: mbona hatujakuona ibadani? Jamani, huo si wema, ni kampeni.

Najua jibu lenu: wokovu ni kwa imani, si kwa matendo. Sawa, wala sisemi kwamba wema unanunua pepo. Nasema wema ni ushahidi. Mwembe hauzai maembe ili upate kuwa mwembe, unazaa kwa sababu ni mwembe. Mkinionyesha mti uliojaa miiba, msiniambie nisome kibao mlichoupachika.

Mvua haiulizi shamba ni la nani. Jua linamwangazia hata anayemtukana aliyeliumba. Kama wema wako unauliza dini kwanza, tafadhali usituambie umejifunza kwa Mungu.

Haya, anzeni kurusha mawe. Nipo.